Kiyoyozi cha Lori Kisichopoza: Kagua Maji ya Hita Kabla ya Kulipia Gesi

Kuanzia Desemba hadi Machi, upepo wa kaskazi unapovuma, kabini ya lori katika ukanda wa pwani kaskazini mwa Dar es Salaam huwa kama tanuri. Dereva aliyepakia mananasi Kiwangwa, chumvi Bagamoyo au saruji Wazo hukaa saa nyingi nyuma ya kioo kinachopigwa na jua, huku injini ikiunguruma mbele yake au chini ya kiti chake. Katika mazingira hayo kiyoyozi si anasa. Dereva aliyechoshwa na joto huchelewa kuona hatari na huchelewa kukanyaga breki.

Kiyoyozi kinapoacha kupoza, jibu ambalo mtumiaji hulipata mara nyingi ni moja tu: gesi imekwisha. Wakati mwingine jibu hilo ni sahihi. Wakati mwingine gesi ipo, kompresa ni nzima, na baridi inatengenezwa kama inavyotakiwa, ila inaharibiwa na maji ya moto ya hita kabla haijamfikia dereva. Tumeandaa somo hili ili kumsaidia mmiliki na dereva kutofautisha hali hizo mbili, kuelewa kazi ya koki ya hita, na kujua mambo ya kudai gerejini kabla ya kutoa fedha.

Mfano wa kuanzia

Tuchukue mfano wa mmiliki wa pikapu ya mizigo anayeishi Bagamoyo. Asubuhi anapoondoka, kiyoyozi hupoza vizuri. Akifika Mapinga, hewa imekuwa vuguvugu. Akifika Tegeta, anafungua vioo. Fundi wa kwanza anamwongezea gesi. Juma linalofuata hali inajirudia, na fundi wa pili anamwongezea tena. Fundi wa tatu anamshauri anunue kompresa. Katika hatua zote hizo hakuna aliyefungua boneti na kuuliza swali dogo: je, maji ya moto yanayokwenda kwenye hita yamefungwa?

Swali hilo halina gharama. Kutoulizwa kwake kumemgharimu mwenye gari malipo mawili ya gesi na kumweka ukingoni mwa kununua kifaa asichokihitaji. Isitoshe, gesi ikizidi kipimo hupandisha mgandamizo ndani ya mfumo, hupunguza baridi na huitesa kompresa. Mtu anaweza kuanza na tatizo la hita na kumalizia na kompresa iliyokufa kwelikweli.

Baridi na joto chini ya dashibodi moja

Chini ya dashibodi ya magari mengi mna vifaa viwili vinavyofanana na rejeta ndogo. Cha kwanza ni evapareta, ambamo gesi ya kiyoyozi hupita ikiwa baridi sana. Feni ya ndani husukuma hewa katikati ya mapezi yake, hewa hiyo hupoa, na unyevu uliomo hugeuka kuwa maji yanayodondoka chini ya gari. Cha pili ni rejeta ya hita, ambamo hupita maji yaleyale yanayopoza injini. Injini ikishapata moto wake wa kawaida, maji hayo huwa na joto la nyuzi za Selsiasi 80 hadi 95 hivi.

Katika magari mengi hewa hupita kwanza kwenye evapareta, kisha hukutana na kilango cha kuchanganya hewa. Kilango hicho huamua kiasi cha hewa kitakachopitishwa kwenye rejeta ya hita. Ukisogeza kidhibiti hadi upande wa baridi kabisa, kilango kinapaswa kuziba njia ya hita. Sponji inayokizunguka ikichakaa, au waya unaokivuta ukilegea, sehemu ya hewa hupenya na kurudi ikiwa ya moto.

Hesabu ndogo inaonyesha ukubwa wa hasara hiyo. Chukulia kwamba evapareta imetoa hewa yenye nyuzi 10. Sehemu tisa za hewa hiyo zikija moja kwa moja, na sehemu moja tu ikapita kwenye hita na kufikia nyuzi 70, mchanganyiko utakaomfikia dereva utakuwa na nyuzi 16. Upenyo wa sehemu moja kati ya kumi umeondoa nyuzi 6 za baridi. Hapo gesi haina kosa lolote.

Ili kuepuka hali hiyo, baadhi ya magari, hasa pikapu na malori ya miundo ya zamani, yalitengenezwa na koki kwenye mpira unaopeleka maji ya moto kwenye hita. Dereva akichagua baridi, waya au mfumo wa hewa huifunga koki hiyo na maji ya moto hayaingii tena kabini. Magari mengine hayakuwekewa koki kabisa: maji huzunguka kwenye hita wakati wote, na kilango peke yake ndicho kinachotegemewa. Kwa gari la aina hii ya pili, kuongeza koki kunaweza kuleta nafuu kubwa, mradi tatizo liwe ni la hita kweli.

Namna ya kupima

Tunashauri vipimo vinne, kuanzia kile kilicho rahisi zaidi.

1. Tazama chini ya gari. Katika unyevu wa pwani, kiyoyozi kilichofanya kazi kwa dakika 15 kinapaswa kudondosha maji safi chini ya kabini. Maji yakidondoka huku hewa ndani ikiwa vuguvugu, ni dalili kwamba baridi inatengenezwa lakini inapotea njiani. Yasipodondoka, hakikisha kwanza kwamba kimpira cha kutolea maji hakijaziba.

2. Gusa bomba nene la gesi. Baada ya kiyoyozi kufanya kazi, zima injini, kisha gusa bomba nene la aluminiamu linalotoka ukutani mwa kabini kurudi kwenye kompresa. Likiwa baridi na limetoa jasho, mfumo wa gesi una uhai. Likiwa vuguvugu, tatizo liko upande wa gesi, kompresa, kondensa au feni, na koki ya hita haitalitibu. Usiguse bomba jembamba linalotoka kwenye kompresa, kwa kuwa linaweza kukuunguza.

3. Linganisha asubuhi na baada ya safari. Chomeka kipimajoto kwenye tundu la katikati la dashibodi. Soma joto la hewa dakika tano baada ya kuwasha injini iliyolala usiku kucha, kisha soma tena injini ikiwa imeshika moto na gari likiwa katika mwendo. Kwa kawaida hewa inapaswa kuzidi kupoa kadiri kabini inavyopoa. Ikiwa inapanda kila geji ya joto la injini inapopanda, na bomba nene bado lina jasho, hita ndiyo ya kushukiwa kwanza.

4. Zuia maji kwa muda. Hiki ni kipimo cha fundi. Kwa koleo maalumu la kubania mipira, hubana mpira unaoingiza maji kwenye hita kwa dakika 10 huku joto la hewa likisomwa. Joto likishuka kwa nyuzi kadhaa, ushahidi umepatikana. Mpira uliokauka au wenye nyufa usibanwe, ubadilishwe kwanza.

Kipimo cha tatu pekee hakitoshi. Gari lililosimama kwenye foleni ya Mwenge au Tegeta linaweza kupoteza baridi kwa sababu feni ya kondensa ni mbovu au mapezi ya kondensa yameliwa na hewa ya chumvi. Ndiyo maana tunasisitiza joto lisomwe gari likiwa katika mwendo, na matokeo yasomwe pamoja na yale ya bomba na ya maji yanayodondoka.

Anza na marekebisho madogo

Hata ikithibitika kwamba joto linatoka kwenye hita, koki mpya si lazima iwe hatua ya kwanza. Mwombe fundi afuate mpangilio huu:

Kwanza, akaze au arekebishe waya wa kidhibiti cha joto. Waya uliolegea kidogo tu huacha kilango au koki ya zamani wazi.

Pili, akague koki iliyopo, kama gari lilikuja nayo. Koki nyingi za zamani huganda kwa kutu au kwa magadi ya maji ya kisima. Kuibadilisha kwa nyingine ya aina ileile ni bora kuliko kuongeza ya pili.

Tatu, atazame kilango na sponji zake, ikiwa vinafikika bila kushusha dashibodi nzima.

Nne, ikiwa gari halina koki, au kurekebisha kilango kunataka kubomoa dashibodi, ndipo koki ya kuongezwa inakuwa suluhisho la busara. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kompresa, na kazi yake haigusi mfumo wa gesi hata kidogo.

Kuchagua koki inayofaa

Mpira wa hita katika pikapu na malori madogo mengi una kipenyo cha ndani cha milimita 16 hivi, lakini usinunue kwa kukisia, pima. Koki iwe ya shaba au ya plastiki iliyotengenezwa mahususi kwa maji ya moto ya injini, iwe na midomo yenye mikunjo inayoushika mpira, na iweze kuhimili joto la nyuzi 120 pamoja na mgandamizo wa mfumo wa rejeta. Koki ya plastiki ya mabomba ya maji ya nyumbani haifai kabisa: italainika, itapasuka, na itamwaga maji yote ya injini barabarani.

Swali muhimu kuliko yote katika ununuzi ni hili: je, injini hii inaruhusu njia ya hita kufungwa? Katika baadhi ya injini, maji yanayopita kwenye hita ndiyo yanayoiwezesha themostati kuhisi joto na kufunguka kwa wakati wake, au ndiyo yanayopoza vifaa vingine vilivyounganishwa kwenye mpira huohuo. Ukiifunga njia hiyo, injini inaweza kuchemsha. Kwa injini za namna hiyo hutumika koki ya njia nne: inapoinyima hita maji, huyarudisha moja kwa moja kwenye injini, na mzunguko haukatiki. Fundi asiyeweza kukueleza mchoro wa maji wa injini yako asikate mpira wowote. Penye shaka, chagua koki ya njia nne.

Hatua za kufunga

Tunaeleza hatua hizi ili uweze kuisimamia kazi, hata kama mikono itakayoifanya ni ya fundi.

1. Injini ipoe kabisa. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe wakati wa moto kwa sababu yoyote ile. Maji yenye mgandamizo huruka na kubabua uso na mikono.

2. Maji yapunguzwe hadi chini ya usawa wa mpira wa hita, yakingwe kwenye chombo safi chenye mfuniko. Kulanti ni sumu, na ladha yake tamu huwavuta watoto na mifugo. Isimwagwe uani wala mtaroni.

3. Mpira unaoingiza maji kwenye hita utambuliwe na kuwekewa alama. Ndio unaopata moto kwanza injini inapowashwa.

4. Pachaguliwe mahali palipo nyooka, mbali na bomba la moshi, mikanda na feni, ambapo mkono utafika bila taabu. Kwa malori ambayo kabini yake huinuliwa, kabini iinuliwe na kushushwa kwanza ili ionekane jinsi mpira unavyojikunja. Mpira uliofupishwa kupita kiasi utavutika na kuchomoka siku kabini itakapoinuliwa tena.

5. Mpira ukatwe kwa kisu kikali, wima. Koki iingizwe kwa kufuata mshale wa mwelekeo wa maji, kisha ikazwe kwa klipu mpya pande zote. Koki nzito ya shaba ishikiliwe kwa kibanio, isining'inie kwenye mpira.

6. Maji yarudishwe koki ikiwa wazi na kidhibiti kikiwa upande wa joto, ili hewa iliyonaswa kwenye hita itoke. Injini iungurume hadi themostati ifunguke, kisha ipoe, na maji yaongezwe hadi kwenye alama.

7. Viungio vikaguliwe kwa macho na kwa karatasi kavu. Halafu koki ifungwe na kipimo cha joto kirudiwe mbele yako, kwa kipimajoto kilekile na katika tundu lilelile.

Baada ya hapo, fanya safari fupi kabla ya safari ndefu: kwa mfano Bagamoyo hadi Zinga na kurudi, macho yakiwa kwenye geji ya joto la injini. Sindano ikipanda kuliko ilivyozoea, simama, fungua koki injini ikishapoa, na urudi kwa fundi.

Kuishi na koki

Koki iliyofungwa mwaka mzima huganda. Ifungue angalau mara moja kwa mwezi, uache maji yazunguke kwa dakika chache, kisha uifunge tena. Maji yaliyotuama ndani ya hita huila taratibu, hasa yakiwa ya kisima cha karibu na bahari, ambayo mara nyingi yana chumvi. Tumia kulanti iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa kwa uwiano ulioandikwa kwenye chombo chake.

Lori linalotoka pwani kwenda Lushoto au Njombe litaihitaji hita hiyohiyo uliyoifunga. Usiku wa baridi na mvua, hewa ya moto ndiyo huondoa ukungu kwenye kioo cha mbele. Dereva anayekabidhiwa gari aambiwe kwamba koki ipo, iko wapi, na inafunguliwaje. Bandika karatasi ndogo kwenye dashibodi. Kumbukumbu ya mtu mmoja haitoshi.

Ifahamike pia kwamba hita ni msaada wa dharura. Injini inapoanza kupata joto kupita kiasi, kufungua hita na kuwasha feni ya ndani kwa nguvu zote huondoa sehemu ya joto hilo hadi utakapopata mahali salama pa kusimama. Msaada huo haupo ikiwa koki imefungwa.

Haki na wajibu wako gerejini

Gesi ya kiyoyozi haiunguzwi kama dizeli. Huzunguka ndani ya mfumo uliofungwa, na katika hali ya kawaida hupungua kidogo sana kwa miaka mingi. Ikiwa imekwisha, kuna mahali inapovuja. Kwa hiyo fundi anayetaka kujaza gesi kila baada ya miezi michache bila kutafuta uvujaji anakuuzia kitu kilekile mara kwa mara. Omba uvujaji utafutwe na kuzibwa kwanza, gesi ijazwe kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha gari, na iwe ya aina ileile. Kwa magari mengi yaliyotengenezwa baada ya katikati ya miaka ya 1990, hiyo ni R134a. Gesi ya zamani isiachiwe hewani. R12 huharibu tabaka la ozoni na ilidhibitiwa na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. R134a haiharibu ozoni lakini huongeza joto la dunia, na kupunguzwa kwake kuliafikiwa Kigali mwaka 2016.

Kabla ya kazi, dai makadirio ya maandishi yanayotenganisha bei ya kifaa na bei ya ufundi. Baada ya kazi, dai risiti na vifaa vilivyotolewa, hata kama ni chakavu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji kuhusu bidhaa au huduma. Ukiuziwa kifaa bandia, Tume ya Ushindani ndiyo yenye jukumu la kushughulikia bidhaa bandia. Masuala ya ubora usiokidhi viwango yapelekwe Shirika la Viwango Tanzania. Malalamiko yasiyo na risiti ni magumu kuyathibitisha, kwa hiyo usikubali punguzo la bei linalokunyima risiti.

Maswali ya kujipima

1. Maji yanadondoka chini ya kabini na bomba nene lina jasho, lakini hewa ndani ni vuguvugu. Je, ungelipia gesi? Toa sababu.

2. Kwa nini koki ya njia nne ni salama zaidi kwa baadhi ya injini?

3. Lori lako linakwenda Njombe mwezi Julai na dereva ni mgeni. Utamwambia nini kuhusu hita?

4. Fundi anasema kompresa imekufa. Taja vipimo viwili utakavyomwomba avifanye mbele yako kabla hujakubali.

Mmiliki wa pikapu katika mfano wetu angeweza kuyajibu maswali haya akiwa bado uani kwake Bagamoyo, kwa mkono wake na kipimajoto kidogo. Tunakushauri ufanye hivyo asubuhi, kabla injini haijapata moto na kabla hujaenda kwa fundi.